Dhahabu na Sumu: Kufundisha Kisa cha Muuza Dawa wa Mantua

Sisi tunaofundisha Kiswahili huku Kasekese, Mkoa wa Katavi, hatuendi mbali kutafuta mfano wa dhahabu na sumu. Ardhi ya Mpanda imejulikana kwa dhahabu tangu enzi ya ukoloni, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa chembe zake. Zebaki ikichomwa hutoa mvuke unaodhuru ubongo na figo, na mtoto ndiye aumiaye zaidi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 wakusudia kupunguza matumizi hayo, nayo Tanzania imeuridhia. Lakini mtoto wa Darasa la Sita haguswi na mkataba. Huguswa na hadithi. Ndiyo maana tulichagua kisa kimoja katika tanzia ya Shakespeare, Romeo and Juliet, iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1597.

Hatua ya kwanza ni kusimulia. Romeo, aliyefukuzwa mjini Verona, apata habari huko Mantua kuwa mkewe Juliet amefariki. Amkumbuka muuza dawa mmoja aliyekonda, ambaye duka lake lina makopo matupu na ngozi za samaki. Sheria ya Mantua humwua auzaye sumu. Romeo amtolea dukati arobaini. Yule mtu asita. Kisha asema kwamba umaskini wake ndio ukubalio, wala si moyo wake. Romeo naye amjibu kuwa dhahabu ni sumu mbaya zaidi, na kwamba katika biashara hiyo yeye mnunuzi ndiye aliyeuza sumu.

Hatua ya pili ni swali moja tu: Ni nani aliyeuza sumu? Mwalimu asiongeze neno. Wanafunzi wetu walianza kwa kumhukumu muuza dawa. Ndipo msichana mmoja aliposema, "Sheria ilimkataza kuuza, lakini haikumpa ugali." Mwingine akauliza kwa nini kijana tajiri anayejua ubaya wa dhahabu aitumie kumshawishi mwenye njaa. Hapo tuliandika ubaoni msemo wanaousikia kila siku, kwamba pesa ni sabuni ya roho, tukawaomba waulinganishe na maneno ya Romeo. Mjadala ulipita muda wa kipindi.

Hatua ya tatu ni baraza. Wanafunzi wagawanywe: wengine wawe wazee wa Mantua, wengine wamtetee muuza dawa, wengine wamshtaki Romeo. Kila msemaji atoe sababu kutoka katika kisa. Kwa njia hii hujifunza ufasaha na hoja pamoja.

Ndugu mwalimu mtarajiwa, hapa pana jambo la kuangalia sana. Darasani mwako huenda yupo mtoto ambaye daftari lake limenunuliwa kwa fedha ya karai la baba yake. Ukisema dhahabu ni uovu, umemhukumu mzazi mbele ya mwanawe, naye hatakusikiliza utakapomweleza kwamba zebaki haichomwi jikoni wala karibu na watoto. Kisa chenyewe hakisemi hivyo. Chasema kwamba njaa huufungua mlango ambao sheria imeufunga, na kwamba mwenye fedha ana lawama yake.

Msidhani kuwa kazi hii yazidi uwezo wa lugha yetu. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Katika Julius Caezar, Brutus amlaumu Cassius kwa kupokea rushwa, na papo hapo alalamika kuwa alinyimwa sehemu ya fedha. Hilo ni somo jema la kufuatia hili.

Mwisho wa tanzia waweza kuwa zoezi la insha. Baba wawili, mbele ya maiti za watoto wao, wapatana. Na mmoja aahidi kusimamisha sanamu ya Juliet kwa dhahabu tupu. Waulizeni wanafunzi: je, wazee hawa wamejifunza? Tulipokusanya madaftari, majibu hayakufanana. Tulisahihisha lugha, hukumu tuliwaachia wenyewe.