Kishale na Kurasa 143

Usiku ule nilikuwa nimefika ukurasa wa 143. Mama Rehema, mhusika wangu, alikuwa stendi anasubiri basi la Tanga, na mimi nilikuwa nasinzia. Nikafunika kompyuta, nikalala. Asubuhi naifunua, looh! Kishale hakipo. Mahali pake kuna mraba wenye michirizi, mithili ya kitambaa kilichochanika, unatembea kila ninakoupeleka.

Kompyuta yenyewe ni mtumba wa Kariakoo. Inatumia Linux, maana ni bure na haibagui wazee. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani. Hakuitazama hata dakika mbili.

"Dogo, hii tunafomati. Jioni unachukua."

"Na kazi zangu, kaka?"

"Kama hukuweka pembeni, imekula kwako."

Sikuwa nimeweka. Miaka miwili tangu nimalize shule ilikuwa mle ndani. Nikabeba mashine yangu, nikarudi nayo.

Kwanza nikaazima flashi kwa dada, nikanakili riwaya yote kwa kibodi tupu. Moyo ukatulia. Ndipo nikaanza kupeleleza, jambo moja moja. Nikachomeka kipanya cha jirani: mraba uleule. Nikabadili umbo la kishale: wapi! Nikabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, skrini ikawa nyeusi yenye maandishi matupu. Niliporudi kwenye madirisha yangu, kishale hiki hapa, safi kabisa. Nikashangilia. Lakini nilipoilaza mashine na kuiamsha, mraba ukarudi.

Kumbe tatizo lilikuwa usingizi! Nikasoma hadi nikaelewa. Kwa kawaida kishale hakichorwi pamoja na madirisha na maandishi. Kadi ya picha hukiweka peke yake, juu ya vyote. Mashine ikiamka, na programu inayoiendesha kadi ikashindwa kukirudisha sawasawa, tunaonyeshwa takataka. Chini ya takataka ile, riwaya yangu haikuwa imeguswa hata herufi moja.

Linux yangu huchora skrini kwa Xorg. Hivyo nikaandika faili dogo ndani ya /etc/X11/xorg.conf.d, na katika sehemu ya Device nikatia mstari huu:

Option "SWcursor" "true"

Maana yake, kishale kichorwe na programu, kadi ipumzike. Nikawasha upya. Nikailaza, nikaiamsha. Kishale kikaja, kinapepesa kidogo kikipita juu ya picha, lakini ni kishale.

Nilitaka kumcheka yule fundi, nikajikumbuka. Mara ngapi nimechana hadithi nzima kwa sababu ya sentensi moja iliyoniudhi? Nilikuwa nafomati na mimi. Siku hizi, wenzangu, nikiona ukurasa umeharibika, nauliza kwanza: ni hadithi iliyooza, au ni kishale tu?

Mama Rehema amekwisha panda basi. Na nakala yake ipo kwa dada.