Uma wa Mbele

Watu husifu injini kwa sababu ina ngurumo, na husifu taa kwa sababu ina nuru, lakini ni nadra mtu kuusifu uma wa mbele wa pikipiki. Kazi yake hufanyika kimya. Huupokea mshindo wa shimo kabla haujafika mikononi mwa dereva, huupunguza nguvu, kisha hulirudisha gurudumu ardhini kwa utaratibu. Uma ukiwa mzima hakuna aukumbukaye. Ukichakaa, kila jiwe la njiani hutoa habari zake. Kwa hali hii wafanana na watumishi wengi wema wa dunia, ambao thamani yao hujulikana siku wanapokosekana.

Huitwa uma kwa kuwa una miguu miwili iliyolishika gurudumu katikati. Mafundi wetu huuita shokapu, neno lililotoka ugenini likavaa nguo za hapa. Silioni kuwa aibu. Lugha hukua mahali kazi inapofanyika, na fundi mwenye mikono ya mafuta hana wasaa wa kungoja wataalamu wakutane ndipo akitaje kitu anachokishika.

Kila mguu una mabomba mawili. Lile jembamba, lililong'arishwa kama kioo, limebanwa juu chini ya usukani. Lile nene hulishika gurudumu, nalo hupanda na kushuka juu ya jembamba. Ndani mna springi na mafuta. Springi hubeba uzito. Lakini springi peke yake ni kama mtu mwenye hasira, hurudisha kila pigo alilopigwa. Mafuta ndiyo busara yake. Hulazimishwa kupita katika matundu madogo, na katika kupita kwa shida huko nguvu ya pigo hugeuka joto na kwisha. Mlangoni, mabomba mawili yanapokutana, mna pete ya mpira iitwayo sili, ambayo huzuia mafuta yasitoke na vumbi lisiingie. Ujerumani ndiko kampuni ya BMW ilikotoa pikipiki ya R12 mwaka 1935 yenye uma wa namna hii uliotulizwa kwa mafuta, na hata leo pikipiki nyingi za kazi katika nchi zetu zina uma wa asili hiyo.

Mimi niliujua uma kwa haja, wala si kwa udadisi. Mwaka 2021 mtoto wa dada yangu alikuwa akiendesha bodaboda mjini Morogoro, akipeleka abiria kwa barabara ya Bigwa hadi Matombo, njia yenye mawe wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Pikipiki ilikuwa ya mkataba: kila juma alimpelekea mwenyewe fedha, na miezi miwili ilikuwa imesalia iwe mali yake. Akikosa majuma mawili, chombo hurudi kwa mwenyewe na jasho la mwaka mzima hupotea. Ndipo mguu wa kushoto wa uma ulipoanza kuvuja. Mafuta yalichuruzika kuielekea breki, na breki iliyolowa mafuta haishiki. Yeye huwapakia kina mama wajawazito usiku. Gereji moja ilimwambia hapana dawa ila kununua uma mpya mzima, kwa bei iliyozidi mapato yake ya mwezi.

Alinijia jioni, akaniamkia, akakaa kimya. Kisha akasema, "Mjomba, nikinunua nimekosa mkataba, nisiponunua nitaua mtu."

Nikamjibu, "Kwanza tuufungue tuone kilichokufa. Hatuwezi kuzika mwili mzima kwa ugonjwa wa kidole."

Kazi tuliifanya barazani kwangu siku mbili. Tuliweka gogo chini ya injini, gurudumu la mbele likaning'inia. Yafaa msomaji ajue kuwa ufunguzi una mpango wake. Vifuniko vya juu hulegezwa kwanza, mabomba yakiwa bado yamebanwa, kwa maana yakishatolewa hapana cha kuyashika. Kisha hulegezwa bolti iliyojificha chini ya kila mguu, springi ikiwa bado ndani, kwa kuwa ndiyo inayoukandamiza ufito wa ndani usizunguke pamoja na bolti. Ndipo gurudumu, matopeo na miguu hutolewa.

Mafuta ya zamani yalitoka meusi kama kahawa, na chini yake tope la unga wa chuma. Tuliosha kila kitu kwa mafuta ya taa, tukaja kwenye swali lililokuwa na hukumu yetu: je, bomba jembamba limepinda au limeliwa na kutu? Likiwa limepinda, au lina vishimo vya kutu mahali sili inapopita, sili mpya itachanika kabla mwezi haujaisha, na fundi wa gereji atakuwa amesema kweli. Tulilibiringisha juu ya kioo cha dirisha, jicho likitazama mwanga chini yake. Halikuchezacheza. Kutu ilikuwapo, lakini juu kabisa, mahali sili haifiki. Mpwa wangu alishusha pumzi kama mtu aliyesomewa hukumu ya kuachiliwa.

Kilichokufa kilikuwa sili. Nacho kilichoiua kilikuwa kifuniko chake cha vumbi, mpira mdogo uliopasuka zamani. Tope lililokauka likaingia likafanya kazi ya msasa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sili mbili, vifuniko viwili na mafuta havikufikia mapato yake ya siku mbili.

Tulibadilisha miguu yote miwili, ingawa wa kulia haukuvuja, kwa sababu haifai miguu ya mwili mmoja iwe na nguvu mbalimbali. Sili ilipakwa mafuta, mdomo wake ukielekezwa chini yaliko mafuta, ikapitishwa juu ya ukingo wa bomba uliofunikwa mfuko wa plastiki ili isikatwe. Tuliipigilia kwa kipande cha bomba la maji chenye upana wake, polepole, kwa kuzunguka.

Wakati wa kujaza, kijana alitaka kuzidisha mafuta. "Mjomba, yakiwa mengi si ndiyo uma utakuwa na nguvu?"

Nikamwambia kuwa juu ya mafuta lazima ibaki nafasi ya hewa. Uma unapobonyea, hewa hujikunja. Ikikosa nafasi, msukumo huishia kwenye sili na kuitoa. Basi tulifuata kipimo cha kitabu cha watengenezaji, tukapampu miguu taratibu hewa itoke, tukapima kwa rula hata pande zote mbili zikalingana. Mwisho, kabla ya kukaza ekseli, tuliubonyeza uma mara kadhaa ili miguu ikae sambamba pasipo kulazimishwa.

Uma haukuvuja tena, na mkataba uliisha kwa wakati wake. Lakini jambo moja limenikaa moyoni zaidi. Kitabu tulichokifuata kilikuwa cha Kiingereza, nami nilikuwa nikimfasiria sentensi baada ya sentensi. Siku ya pili alileta daftari la shule, akaandika kila hatua kwa Kiswahili: sili, mdomo wa sili, ufito, springi, kipimo. Hakukwama kwa neno hata moja. Palipokosekana jina, alieleza kitu kwa kazi yake, na maelezo yakatosha.

Sisi tusomao huuliza mara kwa mara kama lugha yetu yaweza kubeba elimu ya ufundi. Daftari lile sasa liko kijiweni kwao Bigwa, lina madoa ya mafuta kila ukurasa, na madereva huliazima kwa zamu.