Siri ya Mteja na Hesabu ya Wakili

Sigor, Kaunti ya Bomet

Mjukuu wangu mpenzi,

Habari ya kuapishwa kwako kuwa wakili wa Mahakama Kuu imetufikia, na furaha iliyoingia katika nyumba hii haina kipimo. Lakini, madhali ada ya wazee ni kuusia, sikuona vema nikupe hongera tupu bila ya nasaha juu ya jambo moja ambalo, kwa rai yangu, ndilo lipambanualo wakili mwaminifu na mwenye joho tu.

Itakapokujia barua ya Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ile iliyoundwa mwaka 1989 chini ya Sheria ya Mawakili, ikikuuliza ziko wapi fedha za mtu fulani, usikawie kujibu, usijibu nusu, wala usijistiri kwa siri ya mteja. Najua kwamba kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamkataza wakili kuyatoa, bila ya idhini ya mteja wake, maneno aliyoambiwa katika kazi yake, na katazo hilo ni adhimu, kwani pasipo nalo maskini asingethubutu kumweleza wakili ukweli wote. Bali siri hiyo ni milki ya mteja, naye ndiye mwenye idhini ya kuifungua. Basi ikiwa mlalamishi ni mteja yuyo huyo, atakaye kujua fidia yake imeishia wapi, wakili anamficha nani, na kwa haki gani? Tena kifungu hicho hakiyalindi maneno yaliyosemwa kwa kusudi la kutenda haramu, wala hila ambayo wakili ameiona ikitendwa tangu alipoajiriwa.

Wawajua watu wetu waendao kwa mawakili wa Sotik, Bomet na Kericho: mjane ambaye mumewe ameuawa na gari barabarani, mkulima anunuaye kipande cha shamba kwa fedha za bonasi ya chai. Hao hawana leja wala karani. Walicho nacho ni stakabadhi iliyokunjwakunjwa na neno la wakili. Ndiyo maana kanuni zataka amana zao zikae katika akaunti ya wateja, mbali na fedha zako, na hesabu yake iwe tayari siku yoyote utakayoulizwa.

Wala haitoshi kusema kweli juu ya meza yako peke yake. Huko Illinois, Marekani, mwaka 1988, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilimsimamisha kazi mwaka mmoja wakili James Himmel, ambaye hakuiba hata senti: kosa lake ni kwamba alijua wakili mwenziwe amekula fidia ya mteja aliyeumia kwa pikipiki, akafanya naye mapatano ya kulipa, kwa sharti la kutoshtakiwa hata mbele ya wasimamizi wa mawakili, kisha akanyamaza. Mteja mwenyewe alikuwa amemwomba asiripoti, na mahakama haikuukubali udhuru huo. Wako waliosema hukumu ilikuwa kali. Mimi naiona ni ya insafu, kwa sababu mla fidia yule aliendelea kula na za wengine, na huenda baadhi yao wangeokoka lau Himmel angalisema mapema.

Adhabu za Baraza la Nidhamu hapa kwetu unazijua: onyo, faini isiyozidi shilingi milioni 1, kusimamishwa kwa muda usiozidi miaka 5, na kufutwa katika daftari la mawakili. Sikuandikii kwa ajili ya hizo. Nakuandikia kwa ajili ya mjane yule, ambaye hana mlango mwingine wa kubisha wakili wake akikaa kimya, na ambaye jibu lako kamili, lenye kurasa zote za leja, ni haki yake wala si hisani.

Basi nakusihi, mjukuu wangu, uifungue akaunti ya wateja kabla hujapokea shilingi ya kwanza ya mtu, na ukijua kwamba mwenzio amekula amana, usikubali kulipwa ili unyamaze.

Wasalaam,
Babu yako