Anayekikalia Ndiye Akichague

Kwetu Zanzibar kiti mwendo hutolewa. Ni nadra kuchaguliwa. Viti hufika ndani ya kontena, vyote vya ukubwa mmoja, hupangwa mstari mbele ya jukwaa, mgeni rasmi husema maneno ya huruma, picha hupigwa, na kila aliyeitwa huondoka na kile kilichomwangukia. Sibezi ukarimu wa mtu. Lakini lau viatu vingegawiwa kwa mtindo huo, namba moja kwa wakubwa na wadogo, tungecheka. Kwa kiti mwendo tunapiga makofi.

Mjomba wangu alikwenda Pemba msimu wa karafuu, akaanguka mkarafuuni na kuumia uti wa mgongo. Tangu siku hiyo hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Kiti alichopewa katika hafla moja kilikuwa cha kihospitali: kipana, kizito, chenye magurudumu madogo membamba mbele. Kiti cha aina hiyo kimebuniwa ili mgonjwa asukumwe kwa muda mfupi juu ya sakafu laini. Alipoomba chembamba zaidi, aliambiwa: “Mzee wangu, shukuru, wenzio wamekosa.”

Akakikalia kutwa, mwezi baada ya mwezi. Upana ule ulimfanya aegemee upande mmoja, na kidonda kikaanza takoni bila yeye kujua. Vidonda vya mgandamizo si jambo dogo: vikiingia maambukizo vinaweza kuua. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Balaa la mjomba lilikuwa kubwa zaidi, kwani alikikalia na bado hakuweza kuwahisi kunguni. Alilala kifudifudi kwa miezi hadi kidonda kilipofunga.

Basi kiti kinachofaa hujulikanaje? Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya kusukuma kwa mikono katika nchi zenye uwezo mdogo. Humo huduma ina hatua nane, na mtu hupimwa kabla kiti chochote hakijaagizwa. Hupimwa upana wa nyonga, ili kiti kimshike bila kumbana. Hupimwa paja, ili ukingo wa kiti usiguse nyuma ya goti. Hupimwa mguu, ili nyayo zitue kwenye kikanyagio. Asiye na hisia lazima apate mto maalumu wa kupunguza mgandamizo, na afundishwe kujiinua mara kwa mara. Mwongozo haukomi siku ya kukabidhi; unataka mafunzo na matengenezo.

Baada ya mwili huja mahali, na hapo kisiwa chetu kina masharti yake. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una vichochoro vyembamba, milango yenye vizingiti na ngazi zenye mwinuko mkali. Akaaye humo anahitaji kiti kifupi, chembamba na chepesi, ambacho jamaa wataweza kukiinua. Mjomba anaishi Makunduchi, kwenye mchanga na mawe ya matumbawe. Huko gurudumu dogo la mbele huzama, na aliyekaa hutupwa kifudifudi. Kinachomfaa ni kiti kirefu cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa kubwa kiasi cha kupanda juu ya mawe. Na kwa kuwa hewa ya bahari hula chuma, ni heri magurudumu ya nyuma yapokee tairi na beringi anazoziweza fundi yeyote wa baiskeli.

Kiti cha namna hiyo anacho sasa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpima kwa futi ya fundi cherehani, akauliza upana wa mlango wake na njia ya kwendea msikitini. Maswali hayo yalichukua chini ya saa moja. Siku hizi huenda sala ya alasiri bila kusukumwa na mtu.

Utaalamu huu hauko mbali nasi. TATCOT, pale KCMC Moshi, imekuwa ikifundisha mafundi wa viti mwendo. Sheria nayo ipo: Zanzibar ilitunga yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, na mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao. Ibara ya 20 ya Mkataba huo inazungumzia mtu kwenda kwa namna na kwa wakati anaouchagua mwenyewe, kwa gharama anayoimudu. Neno lililotumika ni kuchagua.

Kwa hiyo nawaomba wanaopanga hafla ijayo waanze na orodha ya vipimo, si orodha ya majina. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar upo tangu 1985; waulizwe wao kabla kontena halijaagizwa. Na fedha ikitosha viti kumi vinavyofaa badala ya ishirini vya kupigia picha, vinunuliwe kumi, kisha tuambiwe waziwazi ni wangapi bado wanasubiri.