Herufi Moja Iliyompoteza Nyanya

Je, kwenu kuna kile kisanduku cha bati ambacho hufunguliwa tu mtu anapofariki? Usiharakishe kusema hakuna. Kiko chini ya kitanda cha mtu, na ndani yake mna stakabadhi za kodi, picha moja iliyofifia, kipande cha babu na karatasi zilizokunjwa mara nne ambazo vijana wa siku hizi hawana subira ya kuzisoma. Karatasi za namna hiyo ndizo zilizonipeleka Bomet.

Safari yenyewe ni tamu. Ukitoka Nairobi unapita Nakuru, unapanda hadi Mau Summit, halafu hewa inabadilika na unaanza kutafuta sweta. Ukikaribia Kericho unaiona chai pande zote mbili za barabara, imekatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Mchana jua, alasiri mvua, kwa hivyo usisahau mwavuli. Kutoka hapo unashika njia ya Litein hadi Kaplong, kisha unakunja kushoto kuelekea Bomet. Mashamba ya kampuni yanakuacha na ya wananchi yanaanza: chai kidogo, mahindi kidogo, ng'ombe wawili watatu na kibanda cha kupimia majani kando ya njia.

Karatasi za mashamba yale makubwa hazimsumbui mtu kuzisoma. Walowezi walipewa ardhi kwa mikataba ya miaka 999, iliyopigwa chapa na kufungwa kwa utepe, mpaka Katiba ya 2010 ilipoipunguza kwa wasio raia ikawa 99. Nao walipofariki, wosia wao ulifuata Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo ilitumika Kenya hadi tarehe 1 Julai 1981. Mwafrika alikuwa na nini? Hadi ilipokuja Sheria ya Wosia wa Waafrika mwaka 1961, wosia wake ulikuwa mdomoni, mbele ya wazee. Ndiyo sababu ukienda kutafuta wosia wa babu ulioandikwa zamani hizo waweza kurudi mikono mitupu. Tafuta badala yake rekodi za kesi za baraza, ambazo zilikuwa nyingi, maana watu waligombania ng'ombe na mipaka kama leo.

Mwenyeji wangu ni rafiki niliyesoma naye. Shamba la kwao bado liko kwa jina la mzee aliyefariki miaka ya themanini, na mzee huyo alikuwa na wake wawili. Watu wa nyumba ya kwanza walikuwa wakisema kwamba nyumba ya pili haikuwa na watoto, na kwamba nyanya ya rafiki yangu aliletwa pale na mume mwingine asiyejulikana. Ushahidi wao? Nakala iliyopigwa chapa ya kesi ya mpaka ya miaka ya hamsini, ambamo nyanya ametajwa kwa jina lake, kisha "w/o", kisha "arap" fulani. Huyo arap fulani hakuna aliyemjua. Familia ilimtafuta kwa miaka, hata kwa jamaa wa mbali wa Londiani, na haikumpata.

Hapa sina budi kukupa msamiati kidogo. Makarani wa zamani walikuwa wavivu wa wino. "S/o" ni mwana wa, "d/o" ni binti wa, "w/o" ni mke wa. Herufi X yenye maneno "his mark" pembeni ni sahihi ya mtu asiyejua kuandika, basi usidhani jina limefutwa. Ukikuta "issue" katika wosia wa Kizungu, hayo si matatizo wala toleo la gazeti, ni watoto na vizazi vyao. "Intestate" ni aliyefariki bila wosia. Na ukiona "Lumbwa", usidhani ni kabila lililotoweka. Ndivyo serikali ya kikoloni ilivyowaita Wakipsigis, na hata stesheni ya Kipkelion iliitwa hivyo.

Majina ndiyo mtihani mkubwa. Mwanamume wa Kikipsigis huzaliwa Kip-fulani, na akishatahiriwa huitwa arap, yaani mwana wa, pamoja na jina la baba lililokatwa kichwa. Kwa hivyo mtu mmoja anaweza kuonekana kama watu wawili katika jalada moja. Wanawake nao wana majina yanayoanza kwa Chep- au Tap-. Liweke hilo la mwisho moyoni.

Ndani ya kisanduku, chini kabisa, ilikuwako karatasi ya mwandiko wa mkono, ile iliyonakiliwa kwa mashine baadaye. Hakuna aliyejisumbua kuisoma, maana ya chapa ilisomeka kwa urahisi. Tuliipeleka dirishani. Pale penye "arap" palikuwa na doa la maji, na herufi ya kwanza ilikuwa mlingoti mmoja mrefu. Juu ya ukurasa karani alikuwa ameandika "Tarehe", na T yake ilikuwa mlingoti ule ule. Mahali pengine alipoandika "arap" ya kweli aliacha nafasi kabla ya jina, hapa hakuacha. Chukua mfano jina kama Taprandich, lifute kichwa kwa maji, uone utakachosoma.

Kwa hivyo mume wa nyanya alikuwa mwanamke! Msomaji wa mjini, usicheke. Wakipsigis na Wanandi wanayo ndoa iitwayo kitum chi toloch. Mke asiyejaliwa mtoto wa kiume humtolea mahari msichana, na watoto wa msichana huyo wanahesabiwa katika nyumba ya huyo mama, nao ndio warithi wa nyumba hiyo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa kama hiyo katika kesi ya urithi ya familia ya Kinandi. Na jina lile la Tap- lilikuwa la nani? La mke wa pili wa mzee.

Tulimwendea jirani mmoja, bibi wa miaka mingi, tukamweleza kwa kusitasita. Alitutazama kama watoto wadogo. Watu wote wa rika lake walijua, akasema, na yeye hajawahi kuulizwa.

Usidhani ni habari ya majina tu. Chini ya Sheria ya Urithi inayotumika tangu 1981, mali ya mwanamume mwenye wake kadhaa aliyefariki bila wosia hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba. Nyumba isiyo na watoto na nyumba yenye watoto watano ni vitu viwili tofauti sana.

Kama nawe una kisanduku, anza na karatasi za mkono kabla ya za mashine. Kisha fika kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, uulize majalada ya DC/KER. Ukikwama jaribu PC/NZA, kwa sababu wakati wa ukoloni Kericho ilikuwa katika mkoa wa Nyanza, jambo linalowapoteza wengi.

Jioni ile alikuja binamu mmoja wa nyumba ya kwanza, mwalimu mstaafu, aliyekuwa mkali kuliko wote. Alivaa miwani, akaishika karatasi karibu na taa, akailinganisha T na T kwa muda mrefu huku mvua ikipiga mabati. Hakusema kitu, ila aliomba apigiwe nakala moja. Barua ya chifu yenye orodha ya warithi imeandikwa upya na sasa ina nyumba mbili. Kesi yenyewe bado haijasikizwa.