Waya Usio na Kazi Bado Una Moto

Msomaji mpendwa, iwapo wewe ni miongoni mwa wale wanaoshika mkasi na kukata kila kinachoning'inia, tulia kidogo nikusimulie yaliyonifika nyumbani kwa dada yangu huko Homa Bay. Kovu lililo kwenye kidole gumba changu cha kulia ndilo shahidi wangu.

Mimi ni mkazi wa mji wa Migori. Jumamosi moja nilipanda matatu, nikapitia Rongo na kuteremka Homa Bay, mkobani nikiwa na zawadi ya mpwa wangu. Kijana huyu, aliyemaliza kidato cha nne, ana uraibu wake. Huunda ndege ndogo kwa lile povu jeupe linalofungiwa televisheni madukani, kisha huzirusha ufuoni mwa ziwa jioni upepo unapotulia. Huziongoza kwa mtambo mdogo wa kurushia mawimbi ya redio, ambao yeye na wenzake huuita rimoti. Mtambo huo ulikuwa wa mitumba, na betri yake ilikuwa imekufa.

Zawadi yangu ilikuwa betri niliyoinunua kwa fundi mmoja wa Migori: seli nane zilizofungwa pamoja, kila moja ukubwa wa jiwe dogo la tochi. Kila seli ina volti 1.2, na zote nane zikiunganishwa huwa volti 9.6, sawasawa na ile iliyokufa. Hesabu ilikubali. Kilichokataa ni kifuniko. Betri ya zamani ilikuwa na nyaya mbili tu, nayo hii mpya, iliyotolewa kwenye chombo kingine, ilikuwa na tano. Nyaya hizo zilijaa kijumba cha betri hata kifuniko kikagoma kufunga.

"Mjomba, tungoje kwanza tumuulize fundi kila waya ni wa nini," mpwa wangu aliniambia.

Je, mimi niliyesoma hadi chuo, ningefundishwa na mtoto? La hasha! Nilichukua mkasi wa kushonea wa dada, nikazikusanya nyaya tatu nilizoziona hazina kazi, nikazikata zote kwa pigo moja.

Cheche ziliruka! Ulisikika mlio kama njugu zikipasuka kikaangoni, nikaungua kidole na kuitupa betri kwenye kochi. Ncha mbili zilizokatwa zikagusana, nyaya zikapata moto, plastiki ikaanza kuyeyuka na kutoa moshi juu ya kitambaa. Upande wa pili wa kochi hilo alikuwa amelala kitinda mimba wa dada yangu, mtoto wa miaka miwili.

Mimi niliduwaa. Mpwa wangu ndiye aliyenyakua mwiko wa ugali, akazitenganisha zile ncha, kisha akaisukuma betri kwenye karai na kukimbia nayo nje hadi mchangani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo mkuu alikuwa mimi, na guu lililovunjika lilikuwa langu.

Dada hakunigombeza. Aliuinua mkasi, akalitazama pengo lililoliwa na cheche kwenye makali yake, akasema kwa sauti ya chini, "Huu ulikuwa wa mama." Marehemu mama alitushonea sare za shule kwa mkasi huo. Chakula cha usiku kilinishinda.

Jumatatu nilimrudia fundi wangu. Kibanda chake hakikosi taa za wavuvi wa omena zinazoletwa kutoka Sori na Muhuru, na betri anazijua kama anavyovijua vidole vyake. Alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Stima ya nyumbani unaweza kuizima ukutani, lakini betri yenye chaji haina mahali pa kuizimia. Waya usio na kazi bado umeshikana na seli, kwa hiyo una nguvu zilezile. Mkasi ni chuma. Ukikata mwekundu na mweusi kwa pamoja, mkasi wenyewe huwa daraja, na hiyo ndiyo shoti.

Kisha akanisomea zile nyaya. Nyekundu na nyeusi nene zilipeleka umeme kwenye chombo. Nyekundu na nyeusi za pili zilikuwa za kuchajia, nasi hatukuzihitaji kwa kuwa rimoti ina tundu lake la chaja. Wa tano, mweupe, ulikuwa mlinzi: uliijulisha chaja ya awali iwapo betri inapata joto kupita kiasi. Chaja yetu haina mahali pa kuuchomeka, kwa hiyo nao ungeweza kuondolewa. "Lakini ukimfukuza mlinzi," fundi akasema, "zamu unailinda wewe." Maana yake ni kuchaji polepole. Betri ya miliampia-saa 2000 huchajiwa kwa miliampia 200 kwa muda wa saa 14 hadi 16, mwenyewe ukiwa karibu na ukiipapasa mara kwa mara.

Alizipima seli moja moja, akabadilisha mbili zilizoumia. Nyaya tatu akazitoa kwa kuyeyusha lehemu, mmoja baada ya mwingine. Anayelazimika kukata, alisema, akate mmoja tu na aufunge ncha kwa tepu ya fundi wa stima kabla ya kuugusa wa pili. Tena akanionya kuhusu betri za lithiamu: zile nyaya nyembamba, nne kwa betri ya seli tatu, zisikatwe kamwe, kwani ndizo zinazoiwezesha chaja kuipima kila seli peke yake.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Homa Bay. Kifuniko kilifunga. Kabla ndege haijaruka nilimwambia mpwa wangu, mbele ya mama yake, kwamba yeye alisema kweli nami nikapuuza. Aliinamisha kichwa, akatabasamu, akanikabidhi rimoti.

Mkasi dada bado anautumia, na kitambaa hukwama kila kinapofika penye pengo. Nawe msomaji, kabla hujakata, uliza. Na aliye karibu akikwambia ngoja, ngoja, hata kama umemzidi umri.