Baiskeli Yangu na Njia ya Kimya

Mimi ni mtu wa baiskeli. Hapa kwetu Lubumbashi twaiita kinga, na mgeni mmoja kutoka pwani alicheka sana aliposikia neno hilo, kwani kwao kinga ni kitu cha kumzuilia mtu hatari. Akaniambia, “Basi ninyi mwapanda kinga, mtapatwaje na ubaya?” Nikacheka naye. Wakati ule nilikuwa sijaibiwa bado.

Nakaa Katuba. Asubuhi nafundisha shule ya msingi mjini, na siku tatu kwa juma, baada ya shule, nafundisha wakatekumeni katika kapela moja ya huko huko, ndipo narudi nyumbani. Kwa miguu mwendo ule wapita saa moja na nusu. Kwa baiskeli hazitimii dakika 40. Basi dogo lataka franka za kwenda na franka za kurudi, na mshahara wa mwalimu wengi wenu mwaujua. Kwa sababu hiyo mwaka 2018 nilinunua Phoenix nyeusi, chuma tupu, kwa dola 95 nilizoziweka moja moja muda wa miezi minane. Mke wangu aliinyunyizia maji ya baraka jioni ile ile, hakumngoja padri.

Njia ni mbili. Ya kwanza yapita Kenya karibu na soko, halafu Kamalondo, hata mjini: mabasi, pikipiki, mikokoteni, matope wakati wa mvua, vumbi wakati wa kiangazi, na madereva wasioona kwamba mwenye baiskeli naye ni mtu. Ya pili yapita nyuma ya kuta ndefu za maghala, chini ya miembe, karibu na reli. Huko hakuna gari. Niliweza kurudia fundisho langu kwa sauti, na hakuna aliyenidhania mwenda wazimu. Basi niliipenda njia ile ya pili, nikaishika miaka mitatu.

Nilisoma seminari miaka saba. Kama sikubaki na kitu kingine, nilibaki na kengele. Naamka saa 11 alfajiri pasipo kuamshwa, na siku za fundisho nilipita chini ya miembe ile saa 12 na robo jioni, wala si mapema wala si kwa kuchelewa. Mapadri walitufundisha kwamba utaratibu humlinda mtu. Sikufikiri kamwe kwamba utaratibu wangu ungeweza kusomwa na mtu mwingine, aliyeketi juu ya ukuta akihesabu siku zangu.

Ilikuwa mwezi wa Juni 2021. Mwezi ule jua latua kwetu kabla ya saa 12, kwa hiyo giza lilikuwa limekwisha kuingia. Nikaona mtu ameinama kando ya njia juu ya baiskeli yake, mnyororo umetoka. Akaniita, “Mwalimu, nisaidie pompo.” Aliponiita mwalimu nikafikiri ni mtu wangu, labda baba wa mtoto wa darasani. (Baadaye nilijiuliza: mtu aliyetokwa na mnyororo ataka pompo ya nini? Lakini mwenye haraka ya kusaidia hapimi maneno.) Nikashuka. Wa pili alitoka nyuma ya mwembe akanisukuma kifuani, wa tatu akapanda baiskeli yangu, akaenda. Hawakunipiga. Yote yalikwisha kabla sijavuta pumzi mbili.

Nikakimbia nikipiga kelele, “Mwizi! Mwizi!” mpaka mwisho wa ukuta, penye njia panda na wauzaji wenye taa zao. Watu wakainuka. Katika dakika ile ile kijana mmoja akatokea katika njia ya pembeni, amepanda Phoenix nyeusi. Wakamshika. Nilipofika nikihema, alikuwa chini, sikio latoka damu, na mtu mmoja nyuma alikuwa akiuliza nani ana gurudumu la zamani na petroli. Ninyi mnaokaa katika miji yetu mwajua maana ya ulizo lile.

Wakaniuliza, “Baba, ndiyo hii?” Nikaitazama. Usiku Phoenix zote ni nyeusi. Na sitaficha: kwa muda wa pumzi moja nilitaka iwe ndiyo. Miezi minane ya dola ilikuwa machoni pangu, uso wa kijana sikuuona.

Baiskeli yangu ilikuwa na alama moja tu. Mke wangu alifunga kipande cha mpira mwekundu chini ya kiti, apate kuitambua penye baiskeli nyingi. Nikapeleka mkono chini ya kiti kile. Hakuna kitu. Nikasema, “Siyo hii.” Wengine hawakutaka kusikia. Mmoja akasema, “Kama siyo hii, ameiba nyingine.” Nikamshika kijana kiunoni, nikakataa kumwacha. Mama mmoja muuza maandazi akaja na taa yake akasimama mbele yetu, akasema, “Huyu ni mtoto wa jirani yangu, anatoka kazini, kila siku anapita hapa.” Yule mama ndiye aliyemwokoa, si mimi. Mimi ndimi niliyepiga kelele.

Gurudumu lake la mbele lilikuwa limepindika. Nililipa fundi mwisho wa mwezi, pamoja na dawa ya sikio.

Kesho yake nikaenda kwa polisi. Askari alinipokea vizuri, akafungua daftari, akauliza namba ya kadri, yaani namba iliyogongwa katika chuma kikuu cha baiskeli. Sikuijua. Akauliza karatasi ya kununulia. Sikuitunza. Akaandika “baiskeli nyeusi,” akanitazama kwa huruma. Nikatembea kwa miguu mwaka mzima.

Katikati ya mwaka ule mtu alinionyesha baiskeli nyuma ya soko kwa dola 30. Ilikuwa nzuri, taa yake yawaka. Nikamwomba karatasi. Akasema, “Karatasi ya nini, mwalimu? Kinga si ndiyo hii unaiona?” Nikaenda zangu. Msinisifu, kwani siku ya pili yake nilirudi kuitazama tena. Lakini nilipoweka mkono juu ya kiti nikamkumbuka mtu nisiyemjua, anayetembea kwa miguu kama mimi, naye alikuwa ameiweka dola moja moja. Tena nilifahamu jambo la akili tu: zile dola 30 zangu zingemrudisha mtu juu ya ukuta ule kumngoja mwingine.

Ya pili nilinunua mwaka 2022, dukani, kwa karatasi. Kabla sijaipanda nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Kenya. Akaipindua, akafuta mafuta chini ya mahali penye pedali, akanionyesha tarakimu. Namba huwa pale mara nyingi, au katika chuma kinachobeba kiti. Akaniambia niiandike penye karatasi mbili na kuipiga picha kwa simu. Halafu akatoa kiti, akanitaka niandike jina langu na kapela yangu katika karatasi, akaifunga ndani ya plastiki, akaisukuma ndani ya bomba la chuma, akarudisha kiti. Akasema, “Mwizi atabadili rangi, atabadili kiti. Humo ndani hatatazama.”

Juu ya kadena alinifundisha mengi kuliko nilivyotaka kusikia. Ile kufuli ndogo inayofunga gurudumu la nyuma yazuia kupanda tu. Mwenye nguvu aibeba baiskeli begani na kuifungua kwao polepole. Mnyororo mwembamba hukatwa kwa koleo, mara moja. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, utakuta gurudumu lenyewe limebaki, nyingine imekwenda. Sharti mnyororo mnene upite katika kadri na gurudumu pamoja, uzunguke kitu kisichong'oka: mti mnene, au chuma kirefu ambacho baiskeli haiwezi kuinuliwa juu yake. Wala kadena isilale chini, kwani ardhi ngumu ni fuawe, na mwizi atakuja na nyundo. Katika kapela yetu naiingiza ndani, naiegemeza karibu na mlango. Wazee wawili walinung'unika. Nikawaomba wasimame nje wailinde wakati wa fundisho, hawakunung'unika tena.

Njiani ndiko kugumu zaidi, kwani huko kadena haisaidii kitu. Hilo nilijifunza kwa watu wa makala. Mmewaona wakiingia mjini kwa njia ya Kipushi na njia nyingine, magunia yamepita kichwa cha mwenye kusukuma: huenda mstari, mmoja akitobokewa wengine wasimama. Basi sasa siku za fundisho twarudi watu wanne: fundi wa cherehani, mlinzi wa zamu ya mchana, mwanafunzi mmoja na mimi. Twangojana penye taa za duka moja. Mlinzi huchelewa sana, na mimi mwenye kengele nateseka, lakini nafikiri hata uchelewaji wake watulinda, kwani saa yetu haijulikani.

Njia ya miembe sijaiacha kabisa. Asubuhi, jua likiwa juu, wanafunzi na wafanyakazi wapita huko, naipita. Jioni sipiti. Mtu akiniita gizani namjibu nikikanyaga pedali, nasimama penye watu, ndipo namtafutia msaada, pompo pia. Wengine husema huo si upendo. Nimelifikiri jambo hilo sana, na bado naona kwamba aliye na shida kweli hatachukia nikimletea watu watatu badala ya mmoja. Na wakinishika tena, nitaiachilia. Nina watoto wanne.

Neno moja nimelibadili kabisa. Nawafundisha wakatekumeni wangu, hasa vijana, wakinyang'anywa wasipige kelele ya mwizi. Wapige kelele, “Nisaidieni!” Kelele hii yawaleta watu kwako wewe uliye na shida, ile yawatuma kumtafuta mtu yeyote anayepita.

Yule kijana bado apita njia panda ile jioni. Sikio limepona, lakini limebaki na kovu. Nikimsalimu anaitika, “Ndiyo, mwalimu,” wala hasimami. Mwezi uliopita tulikuta mnyororo wake umetoka, mbele ya meza ya mama wa maandazi. Nikashuka, nikamshikia baiskeli mpaka akamaliza, mikono yetu yote miwili ikajaa mafuta.